Upinde wa Babu Nusura Univunjie Ndoa

Mwenzenu nimeolewa Usukumani, mimi mtoto wa Tanga. Mume wangu yuko mgodini Geita, wiki mbili kambini, moja nyumbani. Mimi niko benki, hapa Kahama. Ndoa za namna hii mnazijua wenyewe: zawadi kibao ili kufidia siku msizoonana.

Mwaka jana ikakaribia siku yake ya kuzaliwa. Juu ya kabati kulikuwa na upinde wa marehemu babu yake, vumbi tupu, umepauka, upote umekatika. Nikasema hapo hapo, nimepata! Nautia msasa, naupaka vanishi, nautundika sebuleni ung'ae kama wa hotelini. Si unajua tena, nyumba inayokula kwa dhahabu, kila kitu lazima king'ae.

Fundi seremala alikuwa ameshasugua kama kiganja kizima wifi alipoingia.

"We wifi! Unamfuta babu!"

Ule weusi laini katikati, kumbe si uchafu. Ni jasho na mafuta ya mkono wa mzee, miaka na miaka. Na pale ndipo palipokuwa peupe pee, kama muhogo uliomenywa.

Mume wangu aliporudi hakufoka. Alinipa mgongo usiku mbili. Afadhali angefoka.

Usiku wa tatu ndipo aliponisimulia. Babu aliuanza upinde huo kwa kuwinda, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 akalinda nao. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79 wizi wa ng'ombe na ujambazi wa silaha ulizidi, na wanakijiji wa huku Kahama wakaunda sungusungu, kila mwanaume na upinde wake. Jeshi hilo la jadi lilienea hadi sheria ikalitambua mwaka 1989. Mimi nilichoona ni kijiti cha kupambia ukuta.

Jumamosi tukaubeba kwa baba mkwe, kijijini. Nilipiga goti, nikasalimia Kisukuma changu cha kuungaunga, kisha nikakiri kosa. Aliugeuzageuza kimya, akachungulia vitundu vya wadudu.

"Mkamwana, huu ni mkole. Haujafa, umekauka tu."

Akatuonyesha. Kwanza kitambaa kikavu, usiloweshe. Halafu samli, kidogo sana, unasugua kwa kiganja mpaka mti upate joto la mkono, unaacha mpaka kesho, unarudia. Usiuweke juani wala karibu na moto, utapasuka. Vanishi ni marufuku. Upote mpya aliusokota mwenyewe kwa kano za ng'ombe, akaufunga ukiwa umelegea, kwa sababu mti uliolala miaka yote hiyo ukiupinda ghafla unakatika. Na hata ukiwa mzima, usivute ukaachia bila mshale, unauumiza. Podo lenye mishale ya zamani alikataa kabisa tuliguse: sumu ya mishale inaweza kukaa miaka mingi bado inaua.

Niseme ukweli, watunzaji wa makumbusho hawapendi samli. Mafuta huvuta vumbi na wadudu. Wao hutumia brashi laini, basi. Kama wako ni wa kale sana, wafuate hao, au pita kwanza Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, ujue vitu vya Kisukuma kabla ya kushika msasa. Sisi tulimfuata baba. Ni mali yake.

Upinde sasa uko sebuleni, mbali na dirisha. Kile kipande cheupe bado kinaonekana, ingawa kimeanza kuwa rangi ya chai ya maziwa. Juzi mume wangu katoka Geita usiku, hata viatu hajavua, nikamkuta anakisugua kwa kidole gumba. Nikakaa pembeni yake, nikanyoosha mkono. Akanimegea samli.