Kumlea dakshundi aliyeokolewa anaposubiri makao ya kudumu

Wakazi wengi wa mijini wamewaona: mbwa wadogo, warefu, wenye miguu mifupi na masikio yanayoning'inia, ambao watoto huwaita mbwa wa soseji. Jina lao ni dakshundi. Neno hilo limetoka Kijerumani, na sehemu yake ya kwanza ni jina la mnyama mchimba mashimo aliye jamaa ya nyegere wetu. Mbwa hawa walizalishwa Ujerumani ili wamfuate mnyama huyo hadi ndani ya shimo lake.

Hapa kwetu hakuna anayewafuga kwa kazi hiyo. Hununuliwa wakiwa wadogo kwa sababu wanapendeza, na baadhi yao huishia mikononi mwa waokoaji wakiwa na miaka mitatu, mitano au hata minane. Sababu huwa za kawaida. Mwenyewe amehamia nyumba ya kupanga na mwenye nyumba hataki mbwa. Familia imekwenda ng'ambo. Mbwa anabweka mno na majirani wamelalamika. Au matibabu ya mgongo yamemshinda mtu.

Makala haya yanamlenga mkazi aliyeombwa, au anayefikiria kujitolea, kumweka mbwa wa namna hii nyumbani kwake kwa wiki au miezi kadhaa hadi apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Mengi yaliyomo yanamfaa mbwa yeyote aliyeokolewa, hata wa kienyeji. Lakini dakshundi ana mgongo wa peke yake, na ndipo watu wenye nia njema humuumiza bila kujua.

Siku za mwanzo

Mbwa aliyeletwa jana hajui kwamba ameokolewa. Anachojua ni kwamba watu aliowazoea hawapo na harufu zote zimebadilika. Wengine hujificha chini ya kiti na kukataa chakula kwa siku moja au mbili. Wengine hulia usiku. Wengine huwa watulivu kupita kiasi, na familia hufurahi kwamba wamepata mbwa mwenye adabu. Mara nyingi utulivu huo ni hofu. Baada ya siku tatu hivi huanza kuinua kichwa. Baada ya wiki tatu tabia zake halisi huonekana, nzuri na mbaya. Na kuzoea kabisa huweza kuchukua miezi mitatu.

Kwa hiyo siku tatu za kwanza mpe kona moja tulivu, blanketi kuukuu na maji safi, kisha umwache. Ndugu na majirani wanaotaka kumwona watamwona wiki ijayo. Watoto waelezwe kwamba mbwa aliyejificha havutwi. Mtoto akae chini, mbali kidogo, angoje mbwa aje mwenyewe. Mbwa mwenye hofu aliyebanwa kwenye kona huuma, na akishauma mtoto, kumpatia makao huwa kazi ngumu sana.

Asitoke nje bila kamba, hata kama boma lako lina ua. Huyu ni mchimbaji. Mabati yaliyogusa ardhi tu hayamzuii. Safu ya mawe iliyozikwa chini ya ua humzuia. Kama unafuga kuku au sungura, watenge kabisa. Kuwakimbiza si ukorofi wake, ni kazi aliyozalishwa kuifanya. Mtoe nje kila anapoamka na kila anapomaliza kula, umsifu akijisaidia mahali panapofaa. Kumpiga au kumsugua pua kwenye mkojo humfundisha jambo moja tu, kujificha anapokojoa.

Uliza alikuwa akila nini, kisha ubadilishe chakula kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja. Ugali na matumbo yaliyochemshwa au omena si vibaya, mradi si sufuria nzima. Usimpe vitunguu, chokoleti, zabibu wala mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika vipande vyenye ncha. Wakazi wa sehemu zinazolima makadamia wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa njugu hizo humdhuru mbwa na kulegeza miguu yake ya nyuma. Mara nyingi hupata nafuu baada ya siku moja au mbili, lakini kwa dakshundi dalili hiyo hiyo huweza kuwa ya mgongo, na si wewe wa kubahatisha ni ipi.

Mgongo

Miguu mifupi ya dakshundi inatokana na hali ya kurithi inayobadilisha ukuaji wa mifupa na gegedu. Hali hiyo hiyo hufanya vile visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo kukauka na kuwa vigumu mapema. Kisahani kigumu kinaweza kupasuka au kusukumwa nje na kubana uti wa mgongo. Inakadiriwa kwamba dakshundi mmoja kati ya wanne au watano hupata tatizo hili maishani, wengi wao wakiwa kati ya miaka mitatu na saba. Huo ndio umri wa wengi wanaoletwa kwa waokoaji.

Unapombeba, tumia mikono miwili: mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mgongo ukiwa umelala sawa. Usimwinue kwa miguu ya mbele kama mtoto mchanga, na watoto wasimbebe kabisa. Akitembezwa afungwe mkanda wa kifuani badala ya ukosi wa shingoni. Asiruke kutoka kwenye kochi au kitanda. Ubao mpana uliowekwa mshazari na kufunikwa kipande cha zulia unatosha kuwa njia yake. Kama unaishi orofa ya tatu na hakuna lifti, fikiria vizuri kabla ya kukubali, kwa sababu itakubidi umbebe kila safari.

Unene nao ni adui. Ukipapasa mbavu zake unapaswa kuzihisi bila kukandamiza, na ukimtazama kutoka juu kiuno kionekane. Dakshundi mkubwa huwa na uzito wa kilo 7 hadi 14 hivi, na wale wadogo kabisa hawazidi kilo 5. Watu humhurumia mbwa aliyeokolewa kwa kumjaza chakula. Huruma hiyo imewalemaza wengi.

Akikataa kuruka alikozoea, akikunja mgongo, akitetemeka au kupiga kelele anapoguswa, mfungie mahali padogo asitembee na umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Akianza kuyumba au kuburuta miguu ya nyuma, hiyo ni dharura na kila saa ina maana. Usimkande mgongo. Usimpe dawa za binadamu za maumivu. Ibuprofeni inaweza kumtoboa tumbo na kuua figo zake.

Tukiwa kwenye afya, tumbo la mbwa huyu hupita karibu sana na nyasi, kwa hiyo hubeba kupe na viroboto haraka. Mkague kila jioni katikati ya vidole, ndani ya masikio na kwapani. Akiwa mlegevu, ana joto na ufizi wake umekuwa mweupe, huenda ni homa ya kupe.

Chanjo na sheria

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Mbwa wa kulelewa kwa muda hana msamaha. Kama hakuja na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, achukuliwe kuwa hajachanjwa na achanjwe upya. Watoto wa mbwa huchanjwa wakiwa na miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kila mwaka. Kenya inalenga kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huu ifikapo 2030, na ili kufika huko angalau asilimia 70 ya mbwa wanapaswa kuchanjwa.

Mtu akiumwa, au hata akikwaruzwa na meno, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo. Dalili za ugonjwa zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Udogo wa mbwa haupunguzi hatari.

Kusubiri

Watu huja wakiuliza watoto wa mbwa, na yule wa miaka minane hupitwa, ingawa dakshundi wengi huishi miaka 12 au zaidi. Anayekulea kwa muda ndiye anayeweza kubadilisha hilo, kwa kuwa ndiye anayemjua. Andika kwenye daftari: anapatana na paka au la, anaogopa radi, anabweka akiachwa peke yake, analala usiku kucha, dawa anazotumia. Usifiche ubaya. Mtu anayeambiwa mapema kwamba mbwa anabweka kila pikipiki ikipita, na bado akamtaka, hatamrudisha mwezi ujao.

Anayetaka kumchukua aulizwe kama mwenye nyumba amekubali, ua ukoje, nani hubaki nyumbani mchana na nani atalipa daktari. Atembelewe nyumbani. Mbwa aondoke akiwa amechanjwa na kuhasiwa, pamoja na blanketi lake lisilofuliwa na chakula cha wiki moja, na kwa makubaliano ya maandishi kwamba akishindwa atamrudisha alikomtoa, asimpe mtu mwingine wala kumwacha barabarani.

Mkazi anayetaka kujitolea aanze kwa kuuliza ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yake. Walio karibu na Nairobi wanaweza pia kufika KSPCA, shirika la kulinda na kutunza wanyama lililoko Karen, ambalo hupokea mbwa na kuwatafutia makao.