Na Paka Wetu Je? Safari ya Kambi Kandokando ya Ziwa Naivasha

Likizo ya Agosti inapokaribia, mazungumzo ya barazani na jikoni hugeukia safari. Zamani safari ya familia ya Pwani ilikuwa ya kuzuru jamaa: Lamu, Malindi, Tanga au Unguja. Siku hizi imezuka namna nyingine, nayo ni kwenda kulala kambini. Familia hupakia mahema, mikeka na masufuria, zikapanda bara hadi Ziwa Naivasha. Wenye uwezo hukodi gari lililogeuzwa kuwa nyumba, lenye vitanda na jiko ndani yake, au gari la safari lenye hema juu ya paa. Na katika nyumba nyingi hutokea mtoto mmoja akauliza jambo ambalo halikuwamo katika hesabu za wazazi: na paka wetu je?

Swali hilo lastahili jibu la makini. Mnyama tuliyemfuga ni amana. Hakuchagua kuja kwetu, wala hawezi kutuambia kwamba safari imemchosha. Ziko kambi za watu binafsi zinazopokea wageni pamoja na wanyama wao, na ziko zinazokataa. Hayo hujulikana kwa kupiga simu. Lakini kabla ya kuuliza kama kambi yamkubali mnyama, twapaswa kujiuliza kama mnyama mwenyewe aimudu safari.

Njia ndefu na joto la Tsavo

Kutoka Mombasa hadi Naivasha ni zaidi ya kilomita 550 kwa barabara, na safari hula siku nzima. Paka ni mnyama wa makao; humpenda mwenyewe, lakini huijua zaidi nyumba yake, kuta zake na harufu zake. Paka mzee, mgonjwa, mwenye mimba au mwenye woga ni bora aachwe kwa shangazi au jirani anayemjua, pamoja na chakula cha kutosha na nambari ya simu ya daktari wa mifugo. Kumwacha mahali pema si kumtupa.

Akiwa kijana mwenye afya na amezoea watu, basi na aandaliwe. Wiki mbili kabla ya safari kizimba chake kiwekwe sebuleni kikiwa wazi, akilie humo na kulala humo, ili siku ya kuondoka kisiwe jela kwake. Asubuhi ya safari apewe chakula kidogo tu, maana wengi hutapika garini. Gari linapokwenda asiachwe mapajani mwa mtoto: breki moja ya ghafla yatosha kumrusha, na mlango mmoja uliofunguliwa kituoni watosha kumpoteza daima.

Kati ya Voi na Mtito Andei jua huwa kali. Hapo ndipo ilipo hatari ambayo wengi huidharau. Gari lililoegeshwa juani, hata vioo vikiachwa wazi kidogo, joto lake la ndani laweza kupanda kwa zaidi ya nyuzi 10 katika dakika 20. Familia ikishuka kula na kusali, mtu mmoja abaki na mnyama kivulini, akiwa na maji, kisha apokezane na mwenzake. Hukumu hiyo hiyo, na zaidi, ni ya mtoto aliyelala garini.

Ziwa na wenyeji wake

Naivasha ni ziwa la maji matamu, ambalo kingo zake zimejaa mafunjo na migunga yenye magome ya manjano. Tai wa samaki huita tangu alfajiri, na wanyama wa porini hulisha karibu na mahema. Lakini mwenyeji mkubwa wa mahali hapo ni kiboko. Mchana hujificha majini. Jua likitua hutoka kula nyasi, na huenda mbali na ufuo. Uzito wake hupita kilo elfu moja, na mbio zake humshinda mwanadamu. Watu wameuawa na viboko katika ziwa hili, wavuvi hasa.

Kwa sababu hiyo kambi nyingi zimezungushwa ua wa umeme kati ya mahema na maji. Ua huo humzuia kiboko, lakini paka hupita chini yake bila taabu. Mbwa asiyefungwa ana hatari nyingine: humbwekea kiboko, na akitishwa hukimbilia kwa mwenyewe, huku kiboko akimfuata. Kwa hivyo, tangu magharibi hadi jua kuchomoza, kila mnyama wa kufugwa awe ndani ya hema au gari, na mchana asitoke bila mkanda wa kifua na kamba.

Jingine la kuuliza ni hali ya ufuo wenyewe. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda sana, yakameza nyumba, mashamba na sehemu za hoteli. Mahali palipokuwa uwanja wa mahema huenda pakawa maji, na ua uliokuwa mbali na kiboko huenda ukawa karibu naye. Picha za zamani zisitudanganye. Tuulize maji yamefika wapi leo, na kama ua wasimama na unafanya kazi.

Tukumbuke pia kwamba mbuga za taifa haziruhusu wanyama wa kufugwa. Wengi wafikapo Naivasha hutaka kuingia Hell's Gate, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1984, ambamo watu hutembea kwa miguu na kupanda baiskeli katikati ya pundamilia na swala. Katazo hilo lina maana. Mbwa na paka hupeleka maradhi kwa wanyama wa porini, na paka wa nyumbani huzaana na kimburu, paka wa mwituni ambaye ndiye asili yake. Mwenye mnyama basi hana budi kumwacha mtu kambini. Twalisema hili wazi kwa sababu twajua ni nani huachwa: mara nyingi ni mama, ambaye tayari ndiye aliyepika, aliyefua na aliyefungasha. Zamu zipangwe kabla ya kuondoka nyumbani, na baba na vijana wakubwa wawemo.

Baridi ya usiku

Ziwa hili liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Agosti baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10, pengine chini yake, na sisi tuliozoea kulala madirisha wazi hatuna mwili wa baridi hiyo. Hapo huja kishawishi cha kuingiza jiko la makaa hemani. Tusifanye hivyo kamwe. Makaa yanayofifia hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, aliyelala haamki. Jiko la gesi ndani ya gari la kulala nalo lisitumike kupasha joto. Tubebe blanketi nzito, soksi na kofia za watoto, na paka apewe nguo kuukuu ndani ya kizimba chake.

Jirani mwenye mbwa

Kambi inayompokea paka wetu humpokea pia mbwa wa mwenzetu. Wengi wetu Pwani twafuata madhehebu ya Shafi, na hukumu ya mate ya mbwa twaijua, na chombo alicholamba twajua jinsi ya kukiosha. Basi na tujipange mapema badala ya kugombana baadaye. Tuombe sehemu ya pembeni, vyombo vifunikwe, chakula kisiachwe chini, na mahali pa kusalia patengwe kwa mkeka usiotumika kwa kazi nyingine. Kibla huko ni kaskazini, kwa kuelemea mashariki kidogo. Tukimwomba jirani kwa upole amfunge mbwa wake wakati wa sala, ni nadra kukataliwa.

Lakini tahadhari ya tohara isiwafundishe watoto ukatili. Dini iliyotufundisha kisa cha mwanamke aliyeangamia kwa kumfungia paka bila chakula, ndiyo iliyotufundisha pia kisa cha aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mtoto anayemrushia mbwa jiwe akemewe, hata kama mbwa huyo si wetu.

Jiwe hilo, tena, laweza kuleta balaa. Kichaa cha mbwa bado kipo nchini mwetu. Mwaka 2014 Kenya ilijiwekea azma ya kukimaliza ifikapo 2030, na kazi haijesha. Maradhi haya yakishadhihirisha dalili zake, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini yaweza kuzuilika. Mbwa na paka wachanjwe kabla ya safari, na kadi ya chanjo ichukuliwe. Mtu akiumwa au kuparurwa, hata kidogo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Mafuta ya taa, tumbaku na dawa za kienyeji visipakwe. Na watoto waambiwe mapema kwamba atakayeumwa hatapigwa wala kulaumiwa, kwa sababu mtoto mwenye hofu huficha jeraha.

Maswali ya kuuliza kwa simu

Kabla ya kutuma malipo ya kambi, tuulize haya. Je, mnyama anaruhusiwa, na kuna ada yake? Ua wa umeme upo, na unafanya kazi usiku kucha? Maji ya ziwa yako umbali gani na mahema? Gari la kulala litaegeshwa wapi, na pana umeme na maji safi karibu? Kuna mlinzi wa usiku? Mbwa wa kambi wamechanjwa? Daktari wa mifugo na hospitali ya karibu viko wapi?

Tukiridhika na majibu, na mnyama wetu akiwa na afya na mazoea ya kizimba, safari na iwe ya wote. Tusiporidhika, tumkabidhi jirani mwema paka wetu, tumweleze mtoto sababu yake, na tumpigie jirani huyo simu kila jioni ili mtoto asikie mwenyewe kwamba amana yake i salama.