Ua la lupango na uvimbe wa taya la mtoto

Wamama, lile ua mnalijua: petali tano, rangi ya waridi au nyeupe, linaota mlangoni bila kuombwa na halikufi hata kiangazi. Waliosoma Kifaransa huliita pervenche de Madagascar. Watu husema linaponyesha kansere, kwa hiyo mama achemshe majani amnyweshe mtoto. Neno la kwanza lina ukweli ndani yake. La pili ni hatari.

Watu wa Jamaika walikuwa wanakunywa majani hayo kwa ugonjwa wa sukari. Huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer wakayachunguza kwa sababu hiyo. Sukari hawakuipata, ila waliona chembe nyeupe za damu zinapungua. Mwaka 1958 wakatangaza dawa ya vinblastini. Ndugu yake, vinkristini, inatoka katika ua hilo hilo.

Karibu wakati huo, Denis Burkitt, munganga wa hospitali ya Mulago kule Kampala, alikuwa anaona watoto wenye taya zilizovimba. Kansere hiyo inabeba jina lake hadi leo, na inapatikana sana katika nchi zenye malaria nyingi kama yetu. Vinkristini ni mojawapo ya dawa zinazoitibu.

Inafanya kazi namna gani? Chembe ya mwili ikitaka kugawanyika, inatandika nyuzi ndogo sana za kuvuta urithi wake pande mbili, kila upande upate sehemu yake. Vinkristini inazuia nyuzi hizo zisijengeke. Chembe inakwama katikati, inakufa. Kansere ya Burkitt inagawanyika haraka kupita nyingi, ndiyo maana inapigwa vizuri. Lakini nywele nazo zinaota kwa kugawanyika, basi zinaanguka. Mishipa ya fahamu pia inatumia nyuzi hizo, kwa hiyo vidole vinakufa ganzi na choo kinafunga.

Sasa tuangalie kipimo. Ili kupata gramu moja tu, viwanda vinahitaji mamia ya kilo za majani makavu, na mtoto anapewa miligramu moja au mbili, ndani ya mshipa, si mdomoni. Ikimwagika nje ya mshipa inaunguza nyama. Katika sufuria ya nyumbani nani atajua kuna kiasi gani? Majani hayo yana vitu vingine vingi pia: yanaweza kushusha sukari ya damu, na mama mwenye mimba asiyaguse kabisa.

Jambo linaloniumiza ni siku zinazopotea. Uvimbe huu unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku mbili tu. Meno ya mtoto yakilegea bila sababu, taya likivimba bila maumivu makali, jicho likisukumwa nje, au tumbo likivimba haraka, msingoje soko lijalo. Nendeni kituo cha afya, mwombe karatasi ya kupelekwa hospitali kubwa. Mwambieni munganga dawa zote mtoto alizokwisha kunywa, hata za miti. Asipojua, anaweza kumpa nyingine zinazogombana nazo.