Kisangani: Vantilateri ya gari haizimiki? Kukata waya si dawa

Injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni, lakini vantilateri ya radiyateri bado inazunguka. Gari likilala hivyo usiku kucha Makiso au Mangobo, asubuhi haliwaki: batri imekufa.

Hesabu yake ni rahisi. Vantilateri ya gari ndogo hula amperi 10 au zaidi, na batri ya amperi-saa 45 inaweza kuisha kwa saa 4 au 5. Kama mtaa hauna umeme wa kuchaji, shofere wa taksi anapoteza siku ya kazi, na jioni mwenye gari bado anadai pesa yake.

Wengi hukimbilia kukata waya au kufunga swichi ya mkono. Hapo ndipo hasara kubwa huanzia. Kisangani iko karibu na ikweta, na joto lake halina huruma. Shofere akisahau swichi mara moja tu katika msongamano, maji yanachemka, jointi ya kilasi inaungua, na injini inaweza kuhitaji kufunguliwa yote.

Kwanza ni kujua kama ni ugonjwa kweli. Katika magari mengi, vantilateri kuendelea kwa dakika chache baada ya kuzima injini yenye moto ni kawaida. Vilevile huzunguka kila wakati klima inapowashwa. Lakini ikizunguka wakati injini ni baridi na klima imezimwa, kuna kasoro.

Makanika mzuri huanza na rele, kile kisanduku kidogo kinachopitisha umeme wa vantilateri. Anaitoa. Vantilateri ikiendelea kuzunguka bila rele, kuna waya unaoleta umeme kwa njia nyingine, mara nyingi ule uliofungwa moja kwa moja na fundi wa zamani. Ikisimama, anaweka rele nyingine ya aina ileile, kwa mfano ile ya honi. Vantilateri ikibaki kimya, rele ya kwanza ilikuwa imeshikana ndani, na hiyo tu ndiyo ya kununua.

Ikianza tena, rele haina kosa: inatii amri. Sasa inatafutwa sonda ya joto pamoja na waya zake. Katika magari mengi yenye kompyuta, sonda ikikatika, kompyuta huwasha vantilateri makusudi ili kulinda injini. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, swichi ya joto hufungua njia ya umeme maji yakipata moto, hivyo waya uliokatika au plagi yenye kutu huwasha vantilateri hata asubuhi. Kwa magari mengine ni kinyume, kwa hiyo kuchomoa plagi na kuamua haraka kunaweza kudanganya.

Kuna pia hali ambapo vantilateri inasema kweli: injini ina moto. Maji yamepungua, termostati imekwama, au radiyateri imeziba kwa kutu na matope ya maji yasiyo safi. Hapo kubadilisha rele ni kutupa pesa. Na vipuri vinavyopita barabara ya taifa namba 4 kutoka Butembo au Bunia, au kupanda mto kutoka Kinshasa, si vya kununua kwa kubahatisha.

Kwa usiku mmoja, shofere anaweza kutoa rele au kufungua waya wa hasi wa batri, mradi arudishe kila kitu kabla ya kuwasha injini. Mikono ikae mbali na mapanga ya vantilateri, kwani yanaweza kuanza yenyewe. Na kifuniko cha radiyateri hakifunguliwi injini ikiwa na moto: maji yanayoruka huunguza uso mara moja.

Jaribio la rele halichukui hata dakika 10. Injini iliyochemka inaweza kulaza taksi kwa wiki nzima.