Je, Wajua? Majini Nako Kuna Matapeli

Kutoka Ngara mjini hadi ufukwe wa Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000, lakini kumwona kiumbe wa majini anayejigeuza hakuhitaji nauli ya basi.

Furu dume huvaa mayai ya uongo
Kwenye pezi la chini, karibu na mkia, furu dume ana madoa ya njano yaliyo mfano wa mayai. Jike akishataga huwahi kuyakusanya mayai yake kinywani, hata kabla hayajarutubishwa. Akiyaona madoa ya dume, hudhani kuna yai limebaki nyuma. Anakwenda kulidaka, na anachopata ni mbegu za kiume. Mayai yanarutubika mlemle mdomoni! Mjerumani Wolfgang Wickler ndiye aliyeeleza hila hii mwaka 1962. Furu wamejaa Ziwa Victoria, na jamaa zao wamo katika maziwa ya bonde la Kagera. Ukimnunua dume, mkague pezi kabla hujamtia kwenye mafuta.

Nzohe hubakiza pua tu
Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyopata hadhi hiyo mwaka 2019 na kuingia hadi Biharamulo na Ngara, ina swala wa ajabu. Nzohe akitishwa hakimbilii porini: hujizamisha majini, pua ikibaki juu. Kwato zake ndefu zinazotanuka humwezesha kutembea kwenye tope bila kukwama. Mtalii aliyekuja na darubini ya bei mbaya anaishia kutazama matete.

Nge wa maji si nge
Ni mdudu bapa wa kahawia anayefanana na jani lililooza. Huo "mkia" wake hauna sumu. Ni mrija wa kuvutia hewa kutoka juu ya maji. Hutulia tuli mpaka kiluwiluwi apite, kisha humkumbatia kwa miguu ya mbele, na si kwa mapenzi.

Gogogo hupachika watoto kwa jirani
Sogea kidogo hadi Kigoma. Katika Ziwa Tanganyika yupo gogogo mwenye madoadoa anayetaga pale ambapo samaki mwingine anataga. Mama wa watu huyaokota mayai yote na kuyatunza kinywani. Watoto wa gogogo huanguliwa mapema, kisha huwala watoto halali wa mwenye mdomo. Kwangu huyu ndiye kiboko ya wote.

Na baharini?
Pweza hubadili rangi kwa chini ya sekunde moja, ilhali macho yake yenyewe hayatofautishi rangi.

Kwenye matumbawe kuna samaki mdogo mwenye mstari mweusi anayewatoa wenzake vimelea, na wakubwa humfungulia hata kinywa. Ana pacha wa bandia, mwenye umbo na mstari uleule, mpaka namna ya kuogelea. Huyo akikaribishwa hunyofoa kipande cha pezi na kutimka. Wanaonaswa zaidi ni samaki wachanga, wakubwa wameshamjua.