Lenzi ya mtumba: Ulizia mota kabla ya bei

MPIGA picha wa Bujumbura anayenunua lenzi ya mtumba Nairobi au Kampala hawezi kuirudisha kirahisi. Kuirudisha ni nauli nyingine na siku za kazi kupotea. Ndiyo maana kabla ya bei lipo swali la kuuliza: mota inayoweka fokasi iko ndani ya kamera au ndani ya lenzi?

Tofauti hiyo ina historia. Minolta 7000 ya mwaka 1985 ilikuwa na mota ndani ya kamera, na Nikon ikafuata njia hiyo. Canon, ilipoanzisha EOS mwaka 1987, iliihamishia mota kwenye lenzi.

Mota ya kamera huzungusha lenzi kupitia kipini cha chuma mithili ya ncha ya bisibisi. Lenzi ndogo ya mm 50 huitikia upesi. Ile nzito ya mm 80-200 hudai nguvu zaidi, na hapo kamera kubwa kama Nikon D3 huiacha nyuma D90.

Mota ya lenzi hutengenezwa kwa kipimo cha lenzi yenyewe. Zile za mtetemo, USM za Canon na AF-S za Nikon, hufanya kazi kimya, jambo lenye faida wakati wa ibada au hotuba. Lakini si zote zenye kasi. AF-S mm 50 f/1.4G inajulikana kwa kwenda taratibu, na f/1.4D ya zamani huweza kuishinda ikifungwa kwenye kamera yenye mota imara.

Mtego mkubwa uko kwenye kamera nafuu. Nikon D40 ya mwaka 2006, pamoja na familia za D3000 na D5000, hazina mota. Lenzi ya AF-D itaingia na picha itapigwa, ila fokasi itawekwa kwa mkono. Ndivyo ilivyo pia kwa kamera za Nikon Z zikitumia kiunganishi cha FTZ. Lenzi za EF za Canon, kwa kuwa zina mota zake, huendelea kujiwekea fokasi kwenye kamera mpya za EOS R kupitia kiunganishi.

Dukani, mnunuzi wa Nikon atoe lenzi, atazame mdomo wa kamera. Asipoiona ile ncha, atafute lenzi iliyoandikwa AF-S. Kisha aelekeze kwenye kitu cha karibu, halafu cha mbali, kabla ya kutoa pesa.