Mzee Anapobadili Mwendo

Mwaka jana tulimpokea wodini bibi mmoja wa miaka zaidi ya 70, amevunjika nyonga. Aliteleza alfajiri akienda choo cha nje. Binti yake alitueleza kwamba mama ameanguka ghafla tu. Tulipokaa na bibi mwenyewe, akatuambia kwa sauti ya chini kuwa hiyo ilikuwa mara ya tatu tangu mavuno ya maharage. Mara mbili za kwanza alinyamaza, asije akakatazwa kwenda shambani. Hajarudi shambani tena.

Kunyamaza huko tunakukuta mara nyingi. Lakini mzee akinyamaza, mwendo wake husema.

Katika nchi tajiri siku hizi wazee huvishwa vifaa vidogo viitwavyo vihisi, kiunoni, mguuni au mkononi kama saa. Kihisi hutambua mwili unavyoanza kwenda, unavyosimama, unavyogeuka na kuyumba. Si uchawi: kitu cha namna hiyo kimo ndani ya simu janja za vijana wetu, nacho ndicho kinachogeuza picha unapoilaza simu. Kikipima kila hatua, huonyesha kama hatua zinalingana. Mzee ambaye hatua zake hazilingani, moja ya haraka na nyingine ya kuchelewa, yuko katika hatari zaidi ya kuanguka.

Hata hapa Tanzania vimetumika. Mwaka 2020 watafiti walitangaza matokeo ya kuwafunga Wahadzabe, wakaao karibu na Ziwa Eyasi, kifaa cha namna hiyo pajani. Ilionekana kuwa hupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa nchi tajiri. Tofauti ni kwamba mara nyingi hupumzika wakiwa wamechuchumaa au wamepiga magoti, na misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kuliko ya mtu aliyekaa kitini.

Wodini kwetu hatuna kifaa hicho. Ila saa na kiti vimo nyumbani kwenu. Pimeni mita 3 kutoka kwenye kiti, mweke alama. Mzee avae viatu vyake vya kila siku, na kama ana fimbo aishike. Ainuke, atembee kwa mwendo wake wa kawaida mpaka kwenye alama, ageuke, arudi, akae. Mmoja wenu awe karibu naye asije akaanguka. Kipimo hiki kiliandikwa na wataalamu wa Kanada mwaka 1991. Akitumia sekunde 12 au zaidi, mleteni tumwone. Angalieni pia kama anajisukuma kwa mikono ili ainuke, au anageuka kwa vihatua vingi vidogo.

Kuna na dalili nyingine isiyohitaji hata saa. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden waliona kuwa wazee walioacha kutembea kila walipoanza kuongea, wengi wao walianguka ndani ya miezi 6. Kwetu sisi kusimama kwa ajili ya salamu ni heshima, kwa hiyo msimpime kwa salamu. Tembeeni naye mkimwongelesha habari za wajukuu.

Mkija hospitali, leteni dawa zote anazomeza, pamoja na zile za dukani. Baadhi ya dawa za presha na za usingizi huleta kizunguzungu anapoinuka. Macho nayo tutayaangalia, maana mtoto wa jicho ameangusha wengi. Nyumbani, mwekeeni tochi karibu na kitanda, ondoeni maganda ya ndizi njiani, na zile kandambili zilizolika zitupwe.

Fimbo yake ifike kwenye kifundo cha mkono wakati amesimama wima, mikono ikining'inia. Goti la kulia likiwa bovu, fimbo ishikwe kwa mkono wa kushoto. Wazee wengi wanaoipanda njia ya hospitali yetu tunawaona wameishika upande ule ule unaouma.